Kamera ya kompyuta mpakato ya mtumba haionekani kabisa: nianzie wapi kuipima?

MwalimuWaLugha (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Morogoro, na kuanzia mwezi ujao nimekubaliana na wanafunzi watatu walioko nje ya nchi kuwafundisha kwa njia ya video, jioni baada ya kazi. Kwa ajili hiyo nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba, ya aina ile inayotumiwa na makampuni, yenye Windows 11. Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kamera. Tundu lake dogo linaonekana juu ya kioo, pembeni yake kuna kitaa ambacho hakijawahi kuwaka, na nikifungua programu ya Camera ninapata ujumbe kwamba kamera haikupatikana, ukifuatiwa na namba 0xA00F4244.

Nilipompigia muuzaji aliniambia kwamba kinachokosekana ni kiendeshi tu (driver, programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa), nikipakue mtandaoni. Nimepakua viwili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, na vyote vimekataa kusakinishwa vikidai kwamba kifaa hakipo. Kwenye Zoom, sehemu ya kuchagua kamera iko tupu. Nimejaribu pia tovuti moja ya kupima kamera, nayo haikuona chochote. Kabla sijairudisha dukani, na kabla sijamaliza bando kwa kupakua vitu ambavyo pengine havihusiki, ningependa kujua ninaanzia wapi kupima, na nitatambuaje kama tatizo ni la programu au kamera yenyewe imekufa.

Kijana_wa_Chuo

Pole sana, mwalimu. Mimi niliwahi kupata tatizo kama hilo, nikasakinisha Windows upya na kamera ikarudi. Jaribu hivyo, itakuchukua kama saa moja hivi.

Fundi_Bisibisi

Mwalimu, umefanya vyema kuiandika ile namba, maana inatupunguzia safari. Maana yake ni kwamba Windows haina kamera yoyote ya kukupa. Hiyo ni tofauti kabisa na hali ambapo kamera ipo lakini umeinyima ruhusa, na tofauti pia na hali ambapo kamera imeshikwa na programu nyingine, kwa sababu kila moja ya hizo ina ujumbe wake. Kwa hiyo, pamoja na heshima zote kwa kijana aliyetangulia, nisingegusa Windows kwanza. Kusakinisha upya kabla ya kupima ni kufumua nyumba nzima kwa sababu ya balbu moja.

Kuhusu kiendeshi, naomba nieleze jambo ambalo wauzaji wengi hulichanganya. Kamera za ndani za kompyuta nyingi zimeunganishwa kwa njia ya USB, ingawa hatuoni tundu lolote; waya wake unapita kwenye bawaba na kushuka hadi kwenye ubao mkuu. (Kompyuta chache mpya hutumia njia nyingine, lakini mashine ya mtumba ya miaka kadhaa iliyopita kwa kawaida haimo katika kundi hilo.) Kifaa chochote cha USB kikipata umeme hujitambulisha chenyewe kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa, hata kabla kiendeshi hakijahusika. Maana yake ni kwamba kifaa kisicho na kiendeshi hakitoweki. Hubaki kimeorodheshwa kama kifaa kisichojulikana, kikiwa na alama ya pembetatu ya njano. Tena kamera nyingi za leo hufuata kanuni moja ya pamoja iitwayo UVC, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2003, na Windows ina kiendeshi chake cha kanuni hiyo tayari ndani yake. Ndiyo sababu kamera nyingi za kuchomeka hufanya kazi bila kupakua chochote.

Naomba ufungue Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, na utazame sehemu inayoitwa Cameras, na ile inayoitwa Imaging devices. Kwenye menyu ya View, chagua ionyeshe pia vifaa vilivyofichwa. Kisha utuambie unaona nini kati ya haya: kamera yenye kishale kinachoelekea chini, ambayo imezimwa na mtu na utaiwasha kwa kubofya, kamera au kifaa kisichojulikana chenye pembetatu ya njano, ambapo ukikifungua utakuta namba ya kosa tunayoweza kuifanyia kazi, kamera iliyofifia yenye kosa namba 45, yaani Windows iliwahi kuiona zamani lakini sasa haijaunganishwa, au hakuna kabisa. Muuzaji atakuwa sahihi ikiwa tu utakuta hali ya pili, ile ya pembetatu ya njano.

MwalimuWaLugha

Ahsante sana, fundi. Nimetazama kwa utulivu na hakuna kabisa. Sehemu ya Cameras haipo, Imaging devices haipo, na hata nilipoonyesha vilivyofichwa hakuna kilichofifia kinachohusu kamera, wala hakuna pembetatu ya njano mahali popote. Ruhusa za kamera kwenye mipangilio ya faragha nazo ziko wazi zote.

Bi_Penguini

Mwalimu, naomba niongeze kipimo kimoja ambacho hakitakugusia Windows hata kidogo. Ukiwa na flashi ya GB 8 au zaidi, weka ndani yake Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Faili lake ni kubwa, karibu GB 6, kwa hiyo ni bora ulipakue mahali penye Wi-Fi au umwombe mtu mwenye flashi iliyokwisha tayarishwa. Kiini cha Linux kimekuwa na kiendeshi cha kamera za UVC tangu mwaka 2008, hivyo huna cha kutafuta.

Ukishaingia, fungua terminali uandike lsusb, kisha ls /dev/video*. Amri ya kwanza inaorodhesha kila kifaa cha USB kilichojitambulisha. Ya pili inaonyesha kama mfumo umekipa kifaa hicho mlango wa picha. Usishangae ukiona video0 na video1 ilhali kamera ni moja. Mlango wa pili mara nyingi si wa picha, bali ni wa taarifa zinazoambatana nayo.

Kamera ikionekana huko, tatizo ni la Windows, na hapo ndipo ushauri wa kijana wa chuo unapoweza kufikiriwa. Isipoonekana hata huko, basi mifumo miwili isiyohusiana imetoa ushahidi mmoja, na hakuna kiendeshi duniani kitakachokusaidia.

Fundi_Bisibisi

Kipimo kizuri hicho, dada. Ila kabla mwalimu hajatumia GB 6, kuna mahali pa bure pa kutazama, napo ni BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayoanza kabla ya Windows. Mashine za makampuni zina tabia moja: watu wa usalama wa kompyuta huzima kamera tangu huko chini, na mashine inapouzwa mtumba hakuna anayekumbuka kuiwasha. Kamera iliyozimwa kwenye BIOS haipewi nafasi ya kujitambulisha, kwa hiyo hata Ubuntu haitaiona. Dalili zake ni hizo hizo ulizozieleza, kitaa kisichowaka na orodha tupu.

Zima kompyuta kabisa, iwashe, na ubonyeze kitufe cha kuingilia BIOS mara tu inapoanza. Kwenye ThinkPad kitufe hicho kwa kawaida ni F1, na kamera huwa chini ya Security, mahali panapoitwa I/O Port Access. Kwenye mashine za Dell ni F2, na kwenye HP ni F10. Maneno ya menyu hutofautiana kwa toleo, lakini tafuta popote palipoandikwa Camera. Nina tahadhari mbili. Ya kwanza, kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo, mabadiliko ya BIOS yanaweza kuifanya Windows ikuulize ufunguo wa kurejesha, hivyo hakikisha unao au kwamba ulinzi huo haujawashwa. Ya pili, BIOS ikikuomba nywila usiyoijua, usimruhusu mtu aifungue mashine na kuchomoa betri ndogo ya ubao mkuu kwa matumaini kwamba nywila itafutika. Kwenye nyingi za mashine hizi haifutiki kwa njia hiyo. Hilo ni suala la kurudi kwa muuzaji.

Na kama BIOS inaonyesha kwamba kamera imewashwa lakini bado haionekani, fungua na kufunga kioo polepole mara kadhaa huku Device Manager ikiwa wazi. Orodha ikijiburudisha yenyewe na kamera ikatokea kisha ikapotea, waya wa kwenye bawaba umechoka au kichomeo chake kimelegea. Hiyo ni kazi ya bisibisi.

Msomaji_Mkimya

Kwa faida ya wengine watakaopitia hapa wakiwa na mashine za mtumba kutoka Ulaya, tazameni pia toleo la Windows kwenye ukurasa wa About. Mkiona herufi N mwishoni mwa jina, kwa mfano Windows 11 Pro N, hilo ni toleo la soko la Ulaya lisilo na vifaa vya kuchezea video na sauti, nalo linaweza kuifanya programu ya Camera ikatae kufunguka ingawa kamera ni nzima. Dawa yake ni kuongeza Media Feature Pack kupitia vipengele vya hiari ndani ya mipangilio. Hali ya mwalimu si hiyo, kwa kuwa yeye hana hata kifaa kwenye orodha.

MwalimuWaLugha

Wakuu, kamera imewaka. Nimeikuta kwenye BIOS, imeandikwa Disabled, nikaibadilisha, nikahifadhi na kuwasha upya. BIOS haikuuliza nywila wala Windows haikuuliza ufunguo. Sehemu ya Cameras imejitokeza yenyewe bila mimi kupakua chochote, na kitaa kinawaka. Muuzaji nimemweleza, amesema ana nyingine nne za aina hiyo hiyo ambazo alikuwa amezishushia bei kwa sababu ya kamera.

Naomba mnivumilie, kwa sababu yamebaki mambo mawili. Kwanza, picha ina mistari mipana ya kivuli inayotambaa kutoka juu kwenda chini, hasa jioni ninapowasha taa, asubuhi siioni. Pili, jana niliazima kamera ya kuchomeka kutoka kwa mwenzangu ili nilinganishe. Nimeichomeka kwenye hab ya USB, kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne, nayo hufanya kazi vizuri mpaka nichomeke diski ya nje kwenye hab hiyo hiyo, hapo picha hukatika. Je, kamera hii nayo ni mbovu?

Bi_Penguini

Hongera, mwalimu. La mistari si ubovu, ni hesabu ya umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi hung'aa na kufifia mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera huona, kwa sababu haichukui picha yote kwa mkupuo bali huisoma safu kwa safu kutoka juu kwenda chini. Muda ambao kila safu hupokea mwanga ukiwa ni kigawe cha sehemu moja ya mia ya sekunde, kila safu hupata mwanga ulio sawa na mwenzake. Sasa kamera nyingi hutoka zikiwa zimepangwa kwa hezi 60, kama umeme wa Marekani ulivyo, hivyo hupima muda kwa sehemu moja ya mia na ishirini. Safu nyingine huangukia kwenye wakati wa kung'aa, nyingine kwenye wakati wa kufifia, na tofauti hiyo ndiyo mistari unayoiona ikitambaa. Asubuhi unatumia jua, na jua halitetemeki.

Fungua mipangilio ya programu ya Camera, utafute sehemu ya kupunguza mtetemo wa mwanga, uchague 50Hz. Kwenye Linux ni amri moja, v4l2-ctl -c power_line_frequency=1, ambapo 1 ni hezi 50 na 2 ni hezi 60. Ikiwa mistari itapungua tu bila kuisha, badilisha balbu, kwa sababu zipo taa za LED za bei rahisi zinazotetemeka kwa namna ambayo hakuna kamera inayoweza kuifuata.

Fundi_Bisibisi

La pili nitalijibu mimi. Hab hiyo, kama haina waya wake wa umeme wa ukutani, inagawana na vifaa vyote umeme wa tundu moja. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500, na kwa mujibu wa kanuni, hab isiyo na umeme wake inatakiwa itoe miliampea 100 tu kwa kila tundu lake. Kamera peke yake huponyoka kwa sababu hakuna anayeshindana nayo. Diski ya nje ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kamera huanguka.

Zaidi ya umeme kuna njia yenyewe ya data, ambayo watu huisahau. Picha ya pikseli 640 kwa 480 isiyobanwa huchukua baiti mbili kwa kila pikseli. Ukiipeleka mara 30 kwa sekunde unapata zaidi ya baiti milioni 18 kila sekunde. Ukipanda hadi 1280 kwa 720, hesabu inafika baiti milioni 55, ilhali mtiririko mmoja wa aina hiyo kwenye USB 2.0 hauwezi kuzidi takribani milioni 24 na nusu. Ndiyo maana kamera za USB 2.0 hulazimika kuibana picha kwanza kwa MJPEG, njia ya kupunguza ukubwa wa kila picha, ili zifikie ukubwa huo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kamera yake ni ya HD lakini picha inajikokota kama inavyotembea kwa magongo, muulize kwanza kama programu yake imechagua picha isiyobanwa. Dawa kwako ni rahisi: ondoa kamera kwenye hab, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na diski uipeleke upande wa pili. Kamera ya mwenzako haina kosa.

Kijana_wa_Chuo

Nimejifunza, fundi. Naomba kuuliza kuhusu zile tovuti za kupimia kamera: je, majibu yake yanaaminika? Yangu huwa inasema kamera imezuiwa, lakini kwenye programu ya Camera inafanya kazi vizuri.

Bi_Penguini

Zinaaminika kwa kile kinachopimwa tu, nacho ni kama kivinjari kinaweza kuipata kamera. Ukurasa wa tovuti hauigusi kamera moja kwa moja, bali humwomba kivinjari, na kivinjari hurudisha picha au sababu ya kukataa. Akijibu NotFoundError, hakuona kamera, kama ilivyokuwa kwa mwalimu. Akijibu NotAllowedError, kamera ipo ila ruhusa haipo, na hilo ndilo lako: bofya alama iliyo kwenye upau wa anwani, uondoe zuio, kisha utazame kama Windows nayo imeziruhusu programu za mezani (desktop apps) kutumia kamera, maana ruhusa hiyo ina swichi yake pekee na kivinjari chako huhesabiwa humo, sawa na Zoom. Akijibu NotReadableError, kwa kawaida kamera imeshikwa na programu nyingine; mara nyingi ni Zoom iliyobaki wazi nyuma ya pazia, kwa kuwa kwenye Windows programu moja ikiishika kamera, nyingine mara nyingi hunyimwa. Pia ukurasa usiotumia https hautapewa kamera kabisa.

Tovuti ikikuambia kwamba ili upimwe ni lazima upakue kiendeshi au programu yao, funga ukurasa huo. Kipimo cha kivinjari hakihitaji kupakua chochote.

MwalimuWaLugha

Nimeweka 50Hz na mistari imekwisha. Kamera ya kuchomeka nimeihamisha, diski iko upande wa pili, na hazigombani tena. Limebaki dogo ambalo pengine si la kamera: jana usiku nilipojaribu na mwanafunzi mmoja, alisema nikisogeza mkono unaacha mkia. Nadhani ni mtandao wetu.

Fundi_Bisibisi

Usiulaumu mtandao kabla ya kuupima. Zima Wi-Fi, fungua programu ya Camera, ujirekodi nusu dakika ukiwa umekaa pale pale na taa ile ile, kisha uitazame video hiyo. Mkia ukiwepo humo, intaneti haihusiki, kwa kuwa haikuwepo. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, kamera huongeza muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, na muda huo ukizidi sehemu moja ya thelathini ya sekunde, haiwezi tena kutoa picha 30. Hushuka hadi 15 au chini yake, na kila kinachosogea hufutika kingo. Leta taa ya mezani mbele yako, nyuma ya kioo, si nyuma ya kichwa chako, na urekodi tena.

MwalimuWaLugha

Nimerekodi bila Wi-Fi na mkia upo. Nimeiweka taa ya kusomea nyuma ya kioo ikielekea ukutani mbele yangu, nikarekodi tena, na mkono sasa unaonekana vidole vyote vitano. Somo la kwanza ni Jumatatu saa moja usiku.